Mchungwa Kwenye Uwanja wa Kuazima

Mwalimu Rozalia alipenda mabishano, hasa yale aliyokuwa na hakika ya kuyashinda, na kwa maoni yake hayo yalikuwa karibu yote. Alipohamishiwa Ziwani mwanzoni mwa mwaka 1996, alishuka kwenye lori na sanduku, godoro, na redio iliyofungwa kwa mpira, na kabla hajaingiza mzigo ndani alikwisha kuona kasoro ya nyumba aliyopewa. Uwanja ulikuwa mtupu. Jua lilipiga mpaka kizingitini.

"Hapa panataka mti," alimwambia Mohamedi, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amemletea ufunguo.

"Panataka," alikubali Mohamedi, mtu aliyezoea kukubali mambo ili yaishe. "Utazungumza na Bi Sharifa, jirani yako hapo."

Rozalia hakuuliza kwa nini azungumze na Bi Sharifa. Kosa lilianzia hapo, na ni vizuri tuliseme mapema, tusije tukamwonea huruma kuliko anavyostahili. Mwanamke huyu alitoka shule ya bweni akaingia chuo cha ualimu, akatoka chuoni akaingia nyumba za serikali, na kwenye nyumba za serikali mti hauna mwenyewe. Unapanda, unahamishwa, anakuja mwingine anakula. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo alivyoishi, na alidhani dunia yote inakwenda hivyo.

Kwao ni Muheza, kwenye machungwa. Baba yake alimfundisha kubebesha miche, kuunga mti juu ya mti, kabla hajajua kuandika jina lake. Kila kituo alichopangiwa alipanda mchungwa, na kila mara barua ya uhamisho ilifika mti ukiwa bado haujazaa. Alisikia kwa watu kwamba ule wa Tunduru unazaa sana, na kwamba wa Liwale matunda yake hayana mfano. Mumewe alikwisha kufariki, mtoto hakujaliwa, na miaka arobaini alikwisha kuivuka. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini safari hii alijiapiza jambo moja: Ziwani atakula chungwa la mti wake mwenyewe, liwalo na liwe.

Kesho yake asubuhi Bi Sharifa alibisha hodi. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kuelekea uzeeni, mwembamba, mwenye chale za Kimakonde mashavuni na khanga iliyofungwa kikazi. Mkononi alishika kopo la maziwa lenye mche.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nimekuletea mti wa uwanjani, maana nasikia umeulalamikia uwanja hata kabla ya kunywa maji." Akaweka kopo chini. "Mkrismasi huu. Ninyi Wakristo si mnaupenda? Ukifika Desemba unakuwa mwekundu wote, na kivuli chake wanakaa watu wa harusi nzima."

Rozalia aliutazama mche ule kama anavyotazama hesabu iliyokosewa.

"Asante, mama. Lakini mkrismasi hauliwi."

"Nani kasema uule? Nimekwambia ukae chini yake."

"Mimi nikipanda mti, napanda unaozaa. Nafikiria mchungwa."

Bi Sharifa alirekebisha khanga yake. "Mwalimu, mkrismasi hauna shida na mtu. Humwagilii. Mbuzi hawautaki. Watoto hawautupii mawe. Mti wa matunda unazaa ugomvi kabla haujazaa tunda."

"Ugomvi naumudu," alisema Rozalia, akicheka.

"Naona," alisema Bi Sharifa. Hakucheka. Aliliacha kopo ukutani akaenda zake.

Mwanzoni Rozalia aliumwagilia mkrismasi kwa adabu, baadaye akaumwagilia alipokumbuka, na likizo ya mwezi wa sita ilipofika hakukumbuka tena. Alikwenda kwao Muheza. Aliporudi, ndani ya kopo kulikuwa na kijiti. Bi Sharifa, aliyekuwa na desturi ya kufagia nyanja zote mbili kila alfajiri, alikuwa akifagia kulizunguka kopo lile bila kuligusa, na Rozalia hakupata hata wazo la kuona aibu. Alikuwa na furaha mno. Alikuwa amerudi na mchungwa.

Ulikuwa mche mzuri, aliouchagua mwenyewe kwenye kitalu cha kaka yake. Alisafiri nao kwa meli kutoka Dar es Salaam, akitapika njia nzima, mche ukiwa mapajani mwake. Abiria mmoja alimuuliza kama ni dawa. Akamjibu kwamba ndiyo.

Kabla ya mvua, Bi Sharifa alifunga nyumba yake akaenda Nanyamba kumuuguza dada yake. Alidhani atakaa mwezi. Alikaa karibu mwaka mzima, maana ugonjwa wa dada yake haukuwa na haraka. Mvua za kwanza zilipoanguka, Rozalia alichimba shimo katikati ya uwanja, akatia samadi ya mbuzi, akapanda mchungwa wake, akaushindilia udongo kwa viganja. Hakuona haja ya kumngoja mtu. Waliopita njiani walimpa salamu, wakautazama mti, wakamtazama yeye, wakaendelea na safari. Yeye alidhani wanausifia.

Mti ulishika. Kufikia kiangazi cha mwaka wa pili ulikuwa umemfika kifuani, majani yake yaking'aa, na Rozalia alikuwa akiwaleta wanafunzi wa darasa la sita kuutazama kwa somo la kilimo.

Bi Sharifa alirudi mwezi wa tisa mwaka 1997, baada ya kumzika dada yake. Alikuja akiwa amechoka, na amekonda zaidi. Rozalia alitoka mbio kumpokea na kumpa pole. Yule mama alipokea pole, akanyanyua macho, akauona mchungwa. Aliweka mzigo wake pale pale njiani. Hakwenda nyumbani kwake. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwa Mohamedi.

Waliitwa siku ya Jumamosi, kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Rozalia alijiandaa. Alivaa gauni lake la Krismasi, akapanga hoja kichwani moja baada ya nyingine, na alipopewa nafasi alisimama kama yuko mbele ya ubao.

"Ndugu mwenyekiti, nimeambiwa Bi Sharifa hakubaliani na mti wangu. Yeye alitaka mkrismasi. Mimi naomba tulinganishe, kwa haki." Akainua kidole. "Mkrismasi una kivuli kipana, sikatai. Lakini kivuli hicho unakipata lini? Huu mwezi wa tisa jua linachoma, nendeni pale zahanati mkautazame: hauna jani hata moja. Umebaki uchi na maganda yake yananing'inia. Unapohitajiwa, haupo. Mizizi yake inatambaa juu juu, inapasua sakafu. Upepo ukija, matawi yanakatika. Kuni zake zinajaa moshi. Sasa njooni kwenye mchungwa. Kivuli chake kidogo, kweli, lakini mwaka mzima majani hayapukutiki. Ukitoa maua, uwanja mzima unanukia. Ukizaa, watoto hawaumwi fizi. Watasema una miiba. Una miiba, lakini hata samaki ana miiba na tunamla. Watasema sisimizi wa maji moto wanaupenda. Wanaupenda, na wadudu waharibifu wanawakimbia hao maji moto, kama mnavyojua wenyewe kwenye mikorosho yenu. Mti gani basi unafaa kuwa uwanjani?"

Alikaa. Ilikuwa hotuba nzuri, na mpaka leo wako watu Ziwani wanaokumbuka ile ya samaki na miiba. Barazani hakuna aliyepiga makofi.

Mohamedi alikohoa. "Mwalimu, tumekusikia na tumeelimika. Sasa tuambie jambo dogo tu. Ule uwanja ni wa nani?"

"Wa serikali," alijibu Rozalia bila kusita. "Nyumba ya mwalimu."

Watu waliinamisha macho. Ilikuwa ni ile namna ya kuinamisha macho ambayo mwalimu yeyote anaijua, mtoto anapojibu kwa sauti kubwa na kukosa.

Bi Sharifa alisema bila kusimama. "Ile nyumba ni ya mama yangu mzazi. Alituzalia mle, mimi na dada yangu niliyemzika juzi. Shule haikuwa na nyumba, mwenyekiti akanijia, nikasema mwalimu akae. Sikutaka chochote, nikasema mgeni wa watoto wetu ni mgeni wangu. Nikamletea mti wa kivuli. Mgeni ukimpa kivuli umempa heshima yake yote. Sasa nakuta amenipandia mchungwa."

"Mama, lakini mchungwa—"

"Ngoja, Mwalimu. Umeshasema sana. Kule Nanyamba mama yangu alimwazima mtu shamba. Mtu mzuri, anacheka hivyo hivyo kama wewe. Tukasema alime mihogo, alime karanga, alime mbaazi. Yeye akapanda mikorosho. Mama akasema, mwacheni, miti tu hiyo. Leo mama hayupo, na yule mtu hayupo, lakini watoto wake wanaokota korosho na sisi tunapita njiani. Tulipokwenda kudai tuliulizwa neno moja: nani aliipanda? Basi. Dada yangu amekufa akiitazama mikorosho hiyo kutoka dirishani. Mti wa maua hakuna anayeurithi, Mwalimu. Mti unaozaa una mwenyewe, na mwenyewe ni mkono ulioufukia. Nitamwachia nini Rukia, binti wa dada yangu? Uwanja wenye mchungwa wa mtu wa Muheza?"

Aibu ilimshika Rozalia mpaka masikioni. Na aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu jambo lenyewe alikuwa akilijua. Kwao Muheza baba yake aliwahi kuwaazima watu kipande cha shamba, na yeye, akiwa binti mdogo, alimsikia akiwaambia kwa ukali kwamba ni mihogo tu, mihogo tu, asione mti. Alilijua tangu utotoni akalisahau katika hizo nyumba za serikali. Kumbe alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima akilinganisha vivuli, na wenzake walikuwa wakizungumza habari ya nyumba ya mama wa mtu.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya ubaoni, "nimekosa. Nisamehe. Mti nauacha uwe wako. Mbele ya watu wote hawa, ni wako."

Kwa kusema hivyo alikuwa amejinyima lile chungwa alilojiapiza, na alilijua hilo wakati akilisema. Lilimuuma. Alitaka kulia lakini gauni la Krismasi lilimzuia.

"Umenipa kwa mdomo," alisema Bi Sharifa. "Mdomo haufukii mti."

"Basi ung'olewe?" aliuliza Mohamedi.

"Mti wa matunda kuung'oa na kuutupa ni dhambi, sitaki. Utolewe, nami niupande kwa mkono wangu."

"Upandwe wapi?"

"Pale pale ulipo."

Hata wale waliokuwa upande wa Bi Sharifa walitazamana. Mohamedi alijaribu kuomba kwamba pengine ingetosha mama atupie udongo kidogo juu, kama ishara. Bi Sharifa alimtazama mpaka akanyamaza. Mwingine akasema basi isubiriwe mvua, maana kuhamisha mti wa umri ule kiangazi ni kuuua. Bi Sharifa akasema mama yake naye alisubiri.

"Nitautoa," alisema Rozalia. "Najua namna ya kuutoa."

Na alijua kweli. Alianza Jumatatu baada ya vipindi. Alichimba mfereji kuuzunguka mti, akakata mizizi ya upande mmoja, akafukia, akamwagilia, akangoja wiki. Akakata ya upande wa pili, akangoja tena. Alipunguza matawi na kupukutisha majani zaidi ya nusu, ili mti usitoke jasho kuliko uwezo wake wa kunywa. Siku ya mwisho aliuinua na bonge lake la udongo, amelifunga kwa magome ya mgomba, bila kudondosha hata tonge. Ilikuwa kazi safi. Alisogea kando.

Bi Sharifa alikuja na jembe lake. Alisema bismillahi, akaupokea mti, akautumbukiza kwenye shimo lile lile ulimotoka, akaufukia kwa mkono, kisha akaenda kisimani mwenyewe akaleta maji. Hakutaka kusaidiwa. Mtu mgeni angepita pale angedhani wanawake wawili wazima wameshikwa na wazimu, maana mti ulikuwa umesimama mahali pale pale ulipokuwa asubuhi. Lakini hakuna mwenyeji aliyecheka.

Kabla mwezi haujaisha majani yaliyobaki yalianguka yote. Kisha ncha za matawi zikaanza kuwa nyeusi, na weusi ukashuka taratibu kuelekea chini. Rozalia alimwagilia jioni, Bi Sharifa alimwagilia alfajiri, na hawakuwa wakisemeshana zaidi ya salamu. Kila mmoja alimlaumu mwenzake moyoni, na kila mmoja alijilaumu zaidi. Watu waliopita walianza kuwapa pole, pole ile ya msibani kabisa.

Ndipo zikaja mvua za mwaka ule, zile za Elnino ambazo hazijasahauliwa na mtu yeyote mwenye nyumba ya udongo. Zilibomoa jiko la Mohamedi. Zilikata barabara ya mjini. Na asubuhi moja, katikati ya mvua hizo, Bi Sharifa aligonga dirisha la Rozalia kwa nguvu.

"Mwalimu! Toka! Umefufuka!"

Rozalia alitoka na shuka kichwani. Kweli, kwenye shina, karibu na ardhi, machipukizi matatu ya kijani yalikuwa yamechomoza. Aliinama akachuma jani moja, akalifikicha, akalinusa. Akainua uso, mvua ikimtiririka.

Angeweza kunyamaza. Lakini kukaa kimya mbele ya kosa ni kitu ambacho mwanamke huyu hakuwahi kukiweza, hata kosa likiwa la mti.

"Mama," alisema, "huu ni mlimau."

"Mlimau?" Uso wa Bi Sharifa ulibadilika. "Wewe ulisema mchungwa. Baraza nzima umetusifia mchungwa. Umenipa mlimau?"

"Twende ndani, mama, tunalowa. Nitakueleza."

Alimweleza jikoni, wakinywa chai ya mchaichai, akitumia vijiko viwili na kamba. Chungwa likipandwa kwa mbegu linachelewa mno na pengine halifanani na mama yake. Kwa hiyo huko kwao wanapanda mlimau kwanza, kwa sababu mlimau ni mgumu, unavumilia ukame, unavumilia hata wendawazimu wa watu. Ukishika, wanapasua gome lake kidogo, wanaingiza jicho lililokatwa kwenye mchungwa mzuri, wanafunga. Jicho likiamka, mlimau wa juu unakatwa. Kuanzia hapo mizizi ni ya mlimau, matawi ni ya mchungwa. Sasa pale uwanjani mchungwa umekufa. Kilichobaki ni mwenyeji wake wa chini.

Bi Sharifa alisikiliza mpaka mwisho. Aliokota vile vijiko viwili vilivyofungwa, akavigeuza geuza.

"Chini mmoja, juu mwingine. Na hawagombani?"

"Hawagombani. Ila yule wa chini anaweza kuchipua akitaka kumfunika mwenzake. Lazima mtu awe anamkanya."

"Anakanywa na nani?"

"Na mwenye mti."

"Huyo ni mimi," alisema Bi Sharifa, akanywa chai yake. Baada ya muda aliuliza, "Na hilo jicho, linaweza kutiwa tena?"

"Linaweza. Lakini mti ni wako, mama. Nikitia kisu pale bila ruhusa tutarudi barazani."

"Nimekuruhusu."

Jicho walilipata mjini, kwa karani mmoja wa bandarini aliyeitwa Kasiani, mtu wa Muheza naye, mwenye mchungwa nyuma ya nyumba. Shina lilipokomaa vya kutosha, Rozalia alinoa kisu chake, akachana gome la mlimau, akatelezesha jicho ndani, akalifunga kwa utepe wa mfuko wa plastiki. Bi Sharifa alikuwa amechuchumaa ubavuni pake, pua karibu na kisu. Mkono wa mwalimu ulipokuwa unafunga fundo la mwisho, yule mama alisema taratibu, kama anayejisemea, "Huo sasa ni mkono wako." Rozalia alidhani anasifiwa kwa ufundi.

Jicho liliamka. Miaka ikaenda, na wale wawili wakawa hawawezi tena kunywa chai mbali mbali. Kila chipukizi la mlimau lilipotokeza chini, Bi Sharifa alilikwanyua kwa kidole gumba na kulisuta. Waliendelea kubishana kuhusu kila kitu, kuanzia muda wa kuloweka kunde hadi kama mwezi umeandama, na Rozalia alishinda mara chache kuliko alivyozoea.

Mwishoni mwa mwaka 2001 mti ulitoa maua yake ya kwanza ya kushika, na yakawa vitunda vya kijani visivyozidi ncha ya kidole. Na Januari barua ikaja. Mwalimu Rozalia anahamia Msimbati.

Alicheka alipoisoma, kicheko kibaya. Halafu alikaa kitandani na kulia kwa sauti, kwa sababu alikuwa peke yake na hakuwa na gauni la kumzuia. Alikuwa na hakika, tangu siku ile ya barazani, kwamba mti si wake na hana la kudai. Lakini alikuwa amejipa moyo kwamba, akiwa jirani, angepewa moja.

Siku ya kuondoka, lori likiwa linangoja, alimwendea Bi Sharifa mlangoni kwake.

"Mama, nina ombi. Mwezi wa sita yatakapoiva, ukipata mtu anayekuja Msimbati, naomba unipelekee chungwa moja."

Bi Sharifa alikasirika. Alikasirika kweli, mpaka chale za mashavuni zikasogea.

"Unaniomba? Mtu anaomba kilicho chake! Miaka yote hii nimekufundisha nini? Shina nilifukia mimi, jicho ulitia wewe, mbele ya macho yangu, kwa ruhusa yangu. Chini changu, juu chako. Mwezi wa sita uje uvune. Usipokuja yataoza mtini, maana mimi sipandi juu ya kitu cha mtu."

"Mama, na Rukia?"

"Rukia ana nyumba na ana mizizi. Nimeshamwambia. Panda gari, wanakungoja."

Rozalia alipanda lori bila hoja yoyote kinywani, jambo ambalo dereva hakuweza kujua kwamba ni la ajabu.

Msimbati ni mchanga na minazi, na mwalimu mpya ana kazi nyingi. Barabara nayo ina kawaida zake. Mwezi wa sita ulimkuta katika mitihani, na ni wiki ya pili ya Julai alipopata nafasi kwenye gari la samaki, akashuka Ziwani akinuka ngisi, na pweza mkavu kwenye kikapu.

Aliuona mti tokea njiani. Ulikuwa umejaa. Machungwa yalikuwa juu ya matawi, na mengine yalikuwa chini, yamepasuka, nyuki wakiyazunguka, na hakuna mkono uliokuwa umeyagusa. Uwanja ulikuwa umefagiwa, ufagio umeyazunguka yale yaliyoanguka na kuyaacha pale pale. Bi Sharifa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na fimbo magotini.

"Umechelewa," alisema. "Watoto wa kijiji hiki wamenichukia kwa ajili yako. Hata Mohamedi alikuja kuomba, nikamwambia mwenyewe yuko Msimbati."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vuna."

Rozalia aliweka kikapu chini. Alinyoosha mkono akachuma, akamenya kwa kucha, akala akiwa amesimama, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa tamu. Alilia bila kujificha, akala mpaka kipande cha mwisho, akatema mbegu kiganjani.

Bi Sharifa alimngoja amalize. Kisha aliinuka kwenye kigoda, akaja mpaka ukingoni mwa matawi, akasimama hapo, kwenye uwanja wa mama yake.

"Sasa na mimi," alisema, "naomba moja, Mwalimu."

Rozalia alizunguka mti, akatafuta lililoiva kuliko yote, akampa kwa mikono miwili.